Donge la Katani la Cawker City

Ndugu zangu wa Baraka, Fizi na Ubwari yote, huko Kongo,

Naandika kutoka Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Tulifika huku kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Leo nina habari ya kamba.

Mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, kaskazini-magharibi mwa hapa, kuna mji mdogo uitwao Cawker City. Kando ya barabara, chini ya paa lisilo na kuta, limekaa donge la kamba ya katani linalompita mtu kwa kimo, uzito wake zaidi ya tani 9. Mkulima Frank Stoeber alilianza mwaka 1953. Mashine za huku hufunga majani makavu ya ng'ombe kwa kamba hiyo. Ng'ombe wakishakula, kamba hutupwa. Yeye aliokota vipande, akaunga, akazungusha. Alifariki mwaka 1974, na watu wa mji wakaendelea. Kila Agosti wana sikukuu yake, na mgeni naye huongeza kamba yake.

Nililigusa kwa kiganja. Katani inachoma kidogo, nyuzi zake zimesimama kama ndevu. Hapo mawazo yangu yakavuka hadi Tanga, pwani ya Tanzania, kwa sababu katani hutoka kwenye mkonge, nao si mmea wa Kansas. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo Tanganyika ikaja kuongoza dunia nzima kwa katani. Mwaka 1964 ilitoa tani kama 230,000. Miaka ileile Stoeber akizungusha donge lake, Waha wa Kigoma na Warundi, majirani zetu wa Ziwa Tanganyika, walikuwa wakienda Tanga kuwa manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge. Jani la mkonge lina mwiba mkali nchani na hukatwa kwa mkono, moja moja, kisha hupelekwa kwenye mashine iitwayo korona likakwanguliwe. Kilo 100 za majani hutoa katani kilo 4 hivi. Pigeni hesabu: tani 9 za kamba ni zaidi ya tani 200 za majani. Mikono iliyozoea kukata mizigo ya namna hiyo haikuandikwa jina popote, na mimi nilisimama pale nikiiwaza kuliko nilivyomwaza Stoeber.

Kuna donge jingine Darwin, Minnesota. Francis Johnson alilizungusha peke yake kwa miaka 29 kuanzia 1950, likafika kilo 7,900 hivi. Miji hii miwili hushindana ni lipi kubwa. Mimi niko upande wa Cawker City. Lile la Johnson limefungiwa ndani ya vioo, haliongezwi tena. Hili linapokea mkono wa kila anayefika.

Johnson alilazimika kutumia jeki za reli kuligeuza lake. Akina mama zetu wataelewa kwa nini donge lazima ligeuzwe. Pale Nyarugusu walikuwa wakinunua sweta kuukuu za mitumba, wakazifumua ili wapate nyuzi za kufumia vitambaa vya viti. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja. Huloweshwa, huanikwa, halafu mtoto hunyoosha mikono miwili uzi uzungushwe juu yake, na mama anaukusanya kuwa donge. Anaanza na vidole viwili, anachomoa, anageuza, kila safu ikate ile ya chini. Ukizungusha upande mmoja tu, donge linakuwa refu na uzi unaporomoka. Na usivute sana: uzi uliobanwa hupoteza ulaini wake. Nimewaona wazee wa kule kwetu Yungu nao wakiulegeza mkono hivyo hivyo wanapopakia nailoni kwenye sindano ya nyavu, na bado naamini hakuna shule inayofundisha mkono namna hiyo.

Watoto wetu waliozaliwa huku hawajui kazi hii. Jumamosi baada ya ibada ya vijana, mama mmoja kutoka kwetu Sebele ameanza kuwafundisha kukunja uzi na kufuma, na wavulana wamekuja pia, jambo lililonifurahisha sana.

Agosti tutakodi basi twende nao Cawker City. Mwenye mtoto, shemeji au mkwe hapa Wichita amwambie atoe jina mapema, maana nafasi zinajaa.

Ndugu yenu wa Kansas