Viwavi Niliowafyeka Waithaka

Viwavi niliwaona. Hilo sikukiambia kikundi chetu cha mazingira hapa Waithaka, Dagoretti, kwa muda mrefu, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwa kutojua ningesamehewa.

Wazo lenyewe lilitoka mbali. Mwenzetu mmoja alikuwa ametazama filamu kuhusu monaki, kipepeo anayesafiri maelfu ya kilomita kutoka Kanada na Marekani hadi misitu ya milimani Mexico kukwepa baridi, na jinsi watu wa huko wanavyompandia mimea nyumbani, shuleni na kando ya barabara. Tukaulizana, mbona sisi tusifanye hivyo Dagoretti? Tulikuwa na kipande cha ardhi kando ya mto, kimejaa magugu na karatasi za plastiki. Monaki huyo hatunaye, ila tunaye ndugu yake, Danaus chrysippus, mwenye rangi ya chungwa na ncha nyeusi za mabawa zenye madoa meupe. Huruka taratibu kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Mwilini ana sumu, na ndege wanalijua hilo.

Sumu hiyo huipata akiwa kiwavi, kwa kula mimea yenye utomvu mweupe. Kwetu upo mmoja mwembamba, wenye matunda ya kijani yaliyojaa hewa na kuota vinyweleo. Ukikata jani, maziwa yanachuruzika. Wafugaji hawaupendi, maana mnyama akiula anaweza kufa, na Dagoretti ni mahali pa mifugo na machinjio. Nilipopendekeza tuufyeke, hakuna aliyepinga. Mama mmoja mwenye mbuzi alinishukuru sana. Shukrani zake nilizipokea, lakini mbuzi wake hawakuwa akilini mwangu. Niliuona mmea huo mbaya, usiofaa kupigwa picha.

Pale pale nikapanda lantana. Unachomeka kijiti tu, kinashika, kinatoa maua ya manjano na waridi karibu mwaka mzima. Sikujali kwamba ni mgeni kutoka Amerika ambaye amevamia malisho na misitu yetu. Wala sikumwambia yule mama kwamba lantana nayo hudhuru mifugo.

Tulikuwa bado tunafyeka nilipowaona. Juu ya rundo la mashina yanayonyauka walitambaa viwavi wenye milia myeusi, myeupe na ya manjano, kila mmoja na jozi tatu za vipembe vyeusi mgongoni. Nilikuwa na ndoo mkononi. Ningeweza kuwaokota na kuwahamishia kwenye mashina machache yaliyokuwa bado yamesimama karibu na ua. Lakini wageni kutoka kwa wafadhili wetu walikuwa njiani wiki hiyo, na nilitaka pawe safi. Rundo zima nikalisukumia shimo la mboji.

Kisha lantana ikachanua, vipepeo wakaja, nikawapiga picha. Kwenye ripoti kwa wafadhili niliandika kwamba makazi yao yamerejeshwa. Uongo mtupu. Kipepeo aliyekomaa hunywa nekta ya maua mengi, lakini jike wa jamii hii hutaga mayai kwenye mimea ya ule utomvu tu, ile niliyokuwa nimeifyeka. Kwangu walikuja kunywa. Kuzaa walienda kwingine, ikiwa kwingine kulikuwako.

Baadaye nilisoma, nadhani nikitafuta utetezi, nikazidi kujikaanga. Watafiti waligundua kwamba baadhi ya majike wa jamii hii, hata hapa Nairobi, wana bakteria anayeua watoto wa kiume wakiwa bado mayaini, hivyo wanazaa mabinti watupu. Madume wachache wanaobaki hutafuta mimea ya jamii ya mitoo ili wapate kemikali za kuwavutia majike. Mitoo nayo niliifyeka. Na kumbe huko Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wakulima wa mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, wanafuga viwavi na kuuza pupa. Ningewauliza wao kwanza, wangeniambia nianze na chakula cha kiwavi.

Mwezi uliopita nilisema yote mkutanoni. Hakuna aliyepaza sauti. Tumeng'oa lantana, ingawa inachipua tena kila mvua ikinyesha, na tumeacha ukanda wa mmea wa maziwa nyuma ya uzio, mbali na mbuzi. Wafadhili bado hawajaambiwa. Kikundi kimeamua kwamba barua nitaiandika mimi, kwa kuwa ripoti niliiandika mimi.