Busaa ya Nyanya Haikumpofusha Mtu

NIKITAJA busaa, msomaji, najua picha inayokujia akilini: kibanda chenye moshi, wazee wenye macho mekundu na gari la polisi limeegeshwa kando. Sikulaumu. Mjini tumezoea kusema kwamba pombe ya kienyeji ni pombe ya kienyeji tu, iwe ni busaa, muratina au chang'aa, na kwamba zote humpeleka mtu kaburini kwa njia moja. Leo nakuomba uzitenganishe, kwa maana kutozitenganisha kumeigharimu familia yetu macho mawili.

Nyanya yangu mzaa mama, huko Kakamega, alipika busaa kwa zaidi ya miaka 30. Karo ya mama na ndugu zake ilitoka mtungini. Nilipokuwa shule ya upili, likizo zangu za Agosti zilikuwa za kugeuza unga kwenye bati, na ndipo nilipojua kwamba kazi hii haina njia ya mkato.

Kwanza ni wimbi. Unaloweka siku nzima, unamwaga maji, unalifunika kwa gunia bichi hadi lichipuke, kisha unalianika juani na kulisaga. Hicho ndicho kimea. Punje inapoota hutoa vimeng'enya, ambavyo hugeuza wanga kuwa sukari, nayo hamira hula sukari hiyo na kutoa kileo. Nyanya hakulijua neno vimeng'enya. Alijua tu kwamba kimea kisichokuwa na utamu ulimini hakitoi busaa.

Pili ni unga wa mahindi. Huo hukandwa kwa maji, ukafunikwa siku 2 au 3 uchachuke, kisha ukamwagwa juu ya bati pana lililo motoni na kugeuzwa kwa sepetu. Hapo ndipo penye jasho. Ukiutoa ungali mweupe, busaa itakuwa na ladha ya uji. Ukiuunguza, itakuwa chungu. Nyanya alitaka rangi ya kahawia na harufu ya mkate. Nimekuja kusoma kwamba Waingereza nao, wanapopika majumbani ile bia yao ya kahawia, hutafuta jambo lilo hilo: kimea cha shayiri hukaangwa ili kitoe rangi na ladha.

Lakini Waingereza wana kitu ambacho nyanya hakuwa nacho, nacho ni hopsi. Haya ni maua machungu yanayotiwa katika bia inapochemshwa. Mbali na uchungu wake mtamu, huizuia bia isiharibike upesi, ndiyo sababu bia inaweza kusafiri na kukaa. Busaa haina hopsi. Ukishachanganya unga uliokaangwa, kimea na maji, baada ya siku chache unaichuja kwa kitambaa, machicha unawapa kuku, na pombe yenyewe sharti inywewe upesi kabla haijawa kali kama siki.

Kwa hivyo, msomaji, busaa haifichiki stoo kungojea bei ipande. Ikiiva, watu huitwa: waliokulimia shamba, waliokuja kuposa, waliokuzikia mzee. Waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na nyanya ndiye aliyeonja kwanza, mbele ya macho yao wote. Walikuwa majirani zake. Kesho yake angekutana nao kisimani.

Sasa sikia habari za mjomba wangu, mtoto wa nyanya huyo huyo. Alikuja Nairobi kutafuta kibarua. Jioni moja alikunywa glasi chache za kitu alichouziwa kama pombe ya kienyeji. Alipoamka aliuliza mbona hakujakucha. Hakujamkucha hadi leo. Daktari alisema ni methanoli.

Methanoli ni kemikali ya viwandani. Kwa macho ni kama maji, na kiasi kidogo tu huharibu neva za macho au huua. Mfanyabiashara mwenye haraka huitia ili kinywaji kiwe kikali bila gharama wala siku za kungoja. Mnamo Novemba 2000 pombe yenye sumu hiyo iliwaua watu zaidi ya 100 hapa Nairobi. Sheria ya 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa iliyowekwa mwaka wa 1980, na kutaka mpishi na muuzaji wawe na leseni. Hata hivyo, Februari 2024 tulizika tena watu zaidi ya 10 huko Kirinyaga.

Sikushawishi unywe. Busaa nayo hulevya, na nimeona boma lililouza ng'ombe kwa sababu yake. Wala si kila busaa ni safi. Wako wanaoipika kwa mahindi yenye ukungu wakidhani moto utaondoa sumu yote. Hauiondoi. Mwaka wa 2004 sumu ya ukungu huo iliwaua watu 125, wengi wao huko Ukambani, waliokula mahindi mabovu. Nyanya aliyachagua mahindi punje kwa punje, na yaliyooza hakuwapa hata kuku.

Ninalokuomba, hasa wewe mzazi mwenye kijana chuoni, ni kwamba usimwambie tu, "Pombe ni mbaya." Hilo amelisikia, na huenda rafiki zake wamemcheka kwa hilo. Mwambie ajiulize: nani alipika hiki? Kwa nini hakina jina wala harufu ya nafaka? Mbona bei yake ni rahisi kuliko unga? Na je, aliyekiuza angeweza kukinywa kwanza, mbele yangu?

Mjomba hakuuliza. Alikulia nyumbani ambako hapakuwa na haja ya kuuliza.