Mbuyi na Kabanga



Ninafanya kazi ya kusaidia watoto waliopotezana na jamaa zao, hapa Kolwezi. Siku hizi hatuandiki tena mu buku kubwa, tunaandika ku ordinatere. Kila mtoto ana fishi yake na numero yake. Nataka niwaelezee kosa langu moja.

Siku moja waliniletea kijana wa miaka 11 hivi, aliyekuwa akisafisha mawe ku mto karibu na karieri. Nikamuuliza jina. "Mbuyi." Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Nikaandika kijiji na masomo, nikafunga fishi, tukamupeleka kwa jamaa moja ya kumupokea.

Wakati uleule wenzetu wa Likasi walikuwa wameandika msichana, Kabanga. Lakini tangu 2015 Kolwezi iko mu Lualaba, na Likasi iko mu Haut-Katanga: biro mbili, wakubwa mbalimbali. Fishi zile mbili zilikaa mu programu moja miezi mine bila kujuana.

Kisha mama akafika, miguu yote vumbi. Nikatafuta kwa jina lake: hakuna. Kwa jina la marehemu bwana wake: hakuna. Kwetu kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe, kwa hiyo jina la mzazi halikuleta kitu. Mama akaniangalia:

"Baba, batoto bangu ni mapasa. Ulisikia Mbuyi, na haukuuliza Kabanga eko wapi?"

Nilisikia haya. Kwa Baluba, Mbuyi ni wa kwanza wa mapasa, Kabanga ni wa pili. Ordinatere haijue ile. Mimi nilijua, lakini nilijaza tu mahali nilipoulizwa. Nikaandika "Kabanga", na fishi ya Likasi ikatokea palepale.

Tangu siku ile tunaunganisha fishi. Hatuzichanganyi kuwa moja, hapana! Kila mtoto ana ugonjwa wake, woga wake, na siri yake isiyofaa kusomwa mu fishi ya ndugu yake. Tunaandika tu mu fishi ya mmoja numero ya mwingine, na neno "ndugu"; na mu ile ya pili vilevile, kusudi anayefungua moja aione ingine. Ombi la mama anayetafuta linaunganishwa na zote mbili. Lakini kwanza tunahakikisha, maana Mbuyi ni wengi: tunauliza kila mtoto peke yake, na mama peke yake, na majibu yapatane.

Siku ya kuonana, Kabanga alimupiga Mbuyi kofi ku bega, kisha akalia.

Wazazi, fundisheni watoto majina ya nyumba nzima, pamoja na kijiji. Vijana, mukiulizwa jina, mutaje na la ndugu zenu. Na sisi wenye kuandika, tusifunge fishi mbele ya kuuliza: "Na nani mwingine?"