Kosa Langu Katika Somo la Makaa ya Mawe

Katika kazi ya ualimu yapo makosa ambayo mwalimu huyasahau jioni ile ile, na yapo mengine humfuata hadi uzeeni. Hili ni la aina ya pili, nami nawasimulia walimu wanafunzi ili wasilirudie.

Katikati ya mwaka 1980 nilikuwa nikifundisha Jiografia darasa la sita huko Mlimba, katika bonde la Kilombero. Mafuta ya taa yalikuwa adimu, na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Somo la siku hiyo lilihusu madini. Nilichora ramani ubaoni, nikaonyesha makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, huko Ludewa. Mvulana mmoja akanyosha mkono.

"Mwalimu, redio ilisema wapigania uhuru wa ANC wameshambulia mitambo ya Makaburu inayotengeneza petroli kwa makaa ya mawe. Nasi makaa tunayo. Mbona tunakosa mafuta?"

Nikacheka. "Jiwe halikamuliwi mafuta," nilisema, na darasa zima likacheka pamoja nami. Mvulana akaketi. Kwa wiki nyingi hakunyosha mkono tena.

Wakati wa likizo nilikwenda Morogoro, nikaingia maktaba. Huko nilikuta kwamba aliyestahili kuchekwa ni mimi. Katika miaka ya 1920 Wajerumani wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, waligundua njia ya kupata mafuta kutokana na gesi ya makaa ya mawe. Kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1950, ilianza kutoa mafuta ya namna hiyo mwaka 1955. Mitambo hiyo ndiyo iliyoshambuliwa Juni 1980, kwa kuwa iliusaidia utawala wa ubaguzi kustahimili kunyimwa mafuta na nchi nyingine.

Kazi yenyewe huenda hivi. Makaa huchomwa pamoja na mvuke na oksijeni, yakatoa gesi mbili: kaboni monoksaidi na haidrojeni. Gesi hizo zikipashwa moto peke yake, hata kwa shinikizo kubwa, hazitoi mafuta. Lakini zikipitishwa juu ya chuma kilichoandaliwa, kwenye joto la nyuzi 220 hadi 350 hivi, hunasa juu ya uso wake. Hapo kaboni huachana na oksijeni, ikashikana na haidrojeni, kisha kaboni kwa kaboni zikaungana kama shanga uzini. Uzi mfupi ni gesi, wa wastani ni petroli na dizeli, mrefu ni nta. Chuma hakimo ndani ya mafuta hayo. Kimeharakisha kazi tu. Kitu cha namna hii huitwa kichocheo. Wajerumani walitumia zaidi kobalti, ambayo ni ghali. Sasol walitumia chuma, ambacho ni rahisi, wakakitia potasiamu kidogo ili kifanye kazi vizuri zaidi.

Shule zilipofunguliwa nilisimama mbele ya darasa, nikasema: "Muhula uliopita mwenzenu aliuliza swali, nami nikamcheka. Yeye alikuwa amesema kweli, na mimi sikujua." Darasa lilikaa kimya.

Kisha tukafanya jaribio. Katika zahanati nilipata haidrojeni peroksaidi, dawa hafifu ya kusafishia vidonda. Tuliigawa katika glasi tatu. Ya kwanza tuliiacha kama ilivyo, ikatulia. Katika ya pili tulitia kipande cha ini bichi la kuku. Povu likapanda mara moja. Katika ya tatu tulitia ini lililochemshwa, halikufanya kitu. Povu lilipokwisha, tulimwaga maji ya glasi ya pili, tukatia dawa mpya juu ya ini lile lile, nalo likatoa povu tena. Ndani ya ini mna kimeng'enya chenye chembe za chuma, nacho huipasua dawa ile kuwa maji na oksijeni bila chenyewe kuliwa. Wanafunzi waliona kwa macho jambo ambalo maneno yangu pekee yasingelifikisha.

Juu ya swali la mafuta, niliwaeleza kwamba kuwa na makaa hakutoshi. Mitambo hiyo hugharimu fedha nyingi mno, hunywa maji mengi na hutoa hewa ya ukaa kwa wingi. Makaburu waliimudu kwa sababu ya siasa yao zaidi kuliko kwa unafuu wake.

Mwalimu mwanafunzi, unapoandaa somo, acha nafasi ya swali usilolitarajia. Likija nawe hujui, liandike pembeni mwa ubao na siku utakayolijibu, kisha itimize siku hiyo. Usimcheke mtoto aliyeleta habari kutoka nje ya kitabu chako.

Siku ile, kabla ya kengele, mvulana yule alinyosha mkono. "Mwalimu, ini likichemshwa huharibika. Na chuma kile, je, huharibika?"

Sikujua. Niliandika swali lake ubaoni, na chini yake: Ijumaa. Ijumaa nilimjibu kwamba ndiyo: salfa iliyomo katika makaa hukitia sumu, hivyo gesi husafishwa kwanza, na hata hivyo chuma huchakaa, kikabadilishwa.

Akaandika daftarini, kisha akauliza jingine.