Tulivyosomeshwa Tabora

Mwishoni mwa miaka ya sabini, mtoto wa Kiislamu wa Gongoni, mjini Tabora, alikuwa na walimu wa aina mbili, na hawa hawakuwa na habari na wale. Asubuhi alikwenda shule ya msingi ya serikali na kaptura yake ya kaki, kidumu cha maji mkononi. Mchana, akishakula, alivaa kanzu na kofia akaenda chuoni kusoma Kur'ani. Shuleni tuliandika kutoka kushoto, chuoni kutoka kulia. Hakuna aliyetueleza kwa nini, na sisi tuliona ndivyo dunia ilivyo.

Sababu ilikuwa imelala chini ya miembe ya mji wetu. Tabora ilikulia hapo Kaze, nchi ya Unyanyembe, ambapo wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliweka kituo miaka ya 1850, njiani kati ya Bagamoyo na Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa walikwenda pwani. Vitambaa, shanga na bunduki vikaja bara. Kur'ani nayo ikaja kwa njia hiyohiyo. Kiswahili hakikuletwa na shule yoyote: wapagazi wa Kinyamwezi walirudi nacho kutoka pwani kama walivyorudi na nguo. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mmanyema, ukoo wake umetoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika pamoja na misafara. Waliletwaje, hakupenda kuulizwa.

Wajerumani walipomshinda Isike, mtemi wa Unyanyembe, mwaka 1893 walikikuta Kiswahili kimeshatangulia, wakakitumia bomani na katika shule zao. Waingereza wakakiacha madarasa ya chini na kuweka Kiingereza juu, kwa wachache. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu hasa. Julius Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937, na baada ya Makerere akarudi mjini kufundisha shule ya mapadri, Mtakatifu Maria. Hizo ndizo zilizokuwa njia mbili za kupanda: boma au misheni. Babu aliziogopa zote. Alimkataza baba kwenda kwa mapadri, maana mtaani ilijulikana kwamba mtoto akiingia huko atatoka kabatizwa.

Basi baba alisoma chuoni tu. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kuliko wangu wa leo, na ndugu zake wa Ujiji walimjibu kwa herufi hizohizo. Alipokwenda kuomba kazi aliambiwa aandike jina lake. Akaliandika. Karani akalitazama, kisha akajaza kwenye fomu kwamba huyu hajui kusoma wala kuandika. Baba alipiga kidole gumba, akawa kibarua.

Ndiyo maana huwa siwaelewi wanaosema Uhuru haukubadilisha shule. Januari 1962 serikali ilifuta mgawanyo wa shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Kwa sheria ya 1969 ikazichukua shule nyingi za misheni. Nilipoanza darasa la kwanza mwaka 1978, muda mfupi baada ya UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, kuanza, dawati letu lilikuwa na mtoto wa katekista, mimi mtoto wa chuoni, na mwingine ambaye kwao walikuwa bado wanatambika. Vitabu havikutosha, mwalimu wetu mwenyewe alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, na Elimu ya Kujitegemea kwetu ilikuwa zaidi kupalilia karanga za shule. Lakini tulielewa kila alichosema. Hesabu, jiografia, siasa, vyote kwa Kiswahili.

Chuoni tuliandika kwa kalamu ya mtete na wino wa masizi, juu ya ubao uliopakwa udongo mweupe. Ubao haufutwi mpaka maalimu akusikilize. Ukikosa herufi moja, unarudia. Ukikosa tena, fimbo. Kiarabu hatukukijua hata kidogo, tulihifadhi sauti. Ila maalimu akifika mwisho wa sura alikuwa akikaa vizuri na kutufasiria kwa Kiswahili, aya kwa aya, na visa vyake, mpaka tunasahau njaa.

Sasa sikia. Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Jackson Makweta, ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kidato cha Kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili Januari 1985. Januari 1985 ndipo nilipoingia Kidato cha Kwanza. Serikali ilikuwa imeshakataa. Nikakaa mbele ya mwalimu wa baiolojia aliyetusomea kwa Kiingereza namna mmea unavyojitengenezea chakula, akaandika ubao mzima, tukanakili. Aliyekamatwa anaongea Kiswahili alivikwa kipande cha mbao shingoni hadi amkamate mwenzake. Wenzangu wengi waliokuwa vichwa darasa la saba walianguka mwaka ule. Mimi nilipona, na si kwa akili: kuhifadhi nisichokielewa nilikuwa nimeshafundishwa chuoni. Tofauti ni kwamba maalimu alifasiri, na mwalimu wa baiolojia alikatazwa.

Sera ya Elimu ya 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote. Sekondari za serikali zimeendelea na Kiingereza. Wajukuu wa baba wanasoma hivyo sasa hivi, pale pale Tabora. Kiingereza tunakihitaji, sibishani na hilo; kifundishwe kama somo, na watu wanaokijua. Baiolojia wafundishwe kwa Kiswahili.