Mgonjwa Uliyemtunga

Kilifi

Mwanangu Katana,

Baba yako anatamba mtaa mzima kwamba umepata kazi ya kompyuta na kodi ya nyumba Roysambu, Nairobi, unajilipia. Sikumkatiza. Kazi yenyewe, ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo kwa malipo, ulinionyesha mimi Pasaka, basi nakuandikia wewe.

Ile oda uliyokuwa ukiimalizia imenikaa rohoni. Mwanafunzi wa uuguzi huko Marekani ametakiwa aeleze mafunzo yake wodini: alimhudumia nani, alikosea wapi, akipata tena mgonjwa wa namna hiyo atafanyaje. Ukamwandikia kurasa nne. Ukamtunga mzee wa kisukari, ukampa kidonda cha mguu, ukasimulia ulivyomsafisha na alivyokushika mkono asikuachie. Umeandika vizuri hadi machozi yakanilenga, halafu nikakumbuka kwamba mzee huyo hayupo na kidonda hakuna aliyekiosha. Nimezeekea wodini, najua kazi ile hutolewa kwa nini. Mkufunzi hatafuti insha tamu. Anataka kujua kama huyu aliyevaa glavu anaelewa anachokifanya. Na hesabu ya matone ya dripu uliyomfanyia wiki iliyotangulia? Siku moja atasimama peke yake usiku mbele ya mtoto wa watu, na wewe utakuwa umelala Nairobi.

Sheria nayo ipo. Huko England, tangu mwaka 2022 ni kosa la jinai kumwandikia mwanafunzi kazi yake ya chuo kwa malipo, hata kuitangaza huduma hiyo. Australia ilitangulia mwaka 2020, na kwao kifungo hufika miaka 2. Utasema polisi wa London hawatakuja kukutafuta Roysambu, na mimi pia sidhani kama watakuja. Ila soma sheria yetu wenyewe ya makosa ya mtandao, ya mwaka 2018. Atumiaye kwa hila nywila au utambulisho wa mtu mwingine hutozwa faini hadi shilingi 200,000, au hufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Wewe unaingia kwenye mfumo wa chuo kwa nywila ya yule binti wa uuguzi, unamfanyia majaribio kwa jina lake. Na akaunti unayopokelea oda umeikodi kwa mtu. Hapo huhitaji wakili akufafanulie.

Sikuiti mwizi. Anayenunua cheti ana lawama kubwa kuliko wewe, na dalali wa katikati ndiye anayekula nono. Nasikia wengine wa biashara hii humrudia mwanafunzi baadaye: alipe tena au wamchongee chuoni. Kuna filamu ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori, mzaliwa wa Kenya anayefundisha Oxford, anawatafuta vijana wa kazi hii hii yako. Itazame. Utaona akili zilizojaa Nairobi, na zote zinapandisha majina ya watu wengine. Dalali akikudhulumu malipo utamshtaki wapi? Mwajiri akikuuliza umefanya nini miaka hii, utamwonyesha kurasa zipi?

Na kazi yenyewe inakauka. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, ulisema, oda nyingine ni maandishi ya mashine unayoletewa uyageuze yasomeke kama ya binadamu. Shahada ya biokemia, Katana, kwa kazi hiyo!

Unajua kueleza jambo likaeleweka; nimekuona ukimfundisha mtu kemia hadi akacheka. Fundisha, basi. Yule binti wa Marekani ukikaa naye kwa video saa nzima ukamweleza kidonda cha kisukari kinavyooza na kinavyopona, kisha akaandika mwenyewe, hapo hujavunja sheria ya mtu. Au hariri tasnifu za watu, lugha tu, jina lako likiandikwa kwenye shukrani. Malipo yatapungua, sikudanganyi, na miezi ya kwanza itakubana.

Akaunti ya watu irudishe kabla mwezi haujaisha. Nywila zote ulizopewa zifute, hata kwenye simu. Kodi ya mwezi ujao nitakutumia kwa M-Pesa tarehe mbili, pensheni ikiingia. Baba yako niachie mimi.

Shangazi yako