Tulipokwenda Kutazama Ngumi

Jioni moja kwetu Wamaza tuliwakuta vijana wamekusanyika mbele ya duka, wote wameinamia simu moja. Tulidhani wanatazama mpira. Kumbe walikuwa wakitazama wanaume wawili waliofungiwa ndani ya uzio wa waya, wanapigana ngumi, mateke na mieleka pamoja. Mmoja alipoanguka, mwenzake alimrukia akaendelea kumpiga pale chini. Na vijana wetu wakapiga kelele: "Mmalize! Mmalize!"

Mjukuu wetu mmoja akatugeukia, akasema: "Babu, ninyi watu wa zamani hamkuona mambo kama haya."

Tukamjibu: "Tuliyaona, mwanangu. Tena hatukuyaona katika simu. Tulikuwa pale pale."

Wakatuomba tuwasimulie, nasi tukawasimulia. Na kwa kuwa habari hiyo ina aibu yetu ndani yake, tunaiandika hapa pia, labda itawafaa wengine.

Mwaka 1974 tulikuwa vijana watatu wa Kasongo tuliokwenda kutafuta kazi Kinshasa. Safari ya siku zile wazee wanaikumbuka: kuvuka Lualaba kwa mtumbwi, kupanda treni Samba mpaka Kindu, kisha meli mpaka Ubundu, treni tena mpaka Kisangani, halafu siku nyingi katika meli ya mto mpaka mji mkuu. Mkubwa wetu, ambaye tulimwita Yaya, alikuwa Mwislamu. Sisi wawili tulikuwa tumebatizwa misioni. Lakini ugenini mtu wa kwenu ni ndugu yako. Tulilala chumba kimoja, tukala sahani moja, na mchana tulibeba magunia bandarini.

Wakati ule nchi iliitwa Zaire. Tangu mwaka 1972 majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, na mwaka ule wa 1974 serikali iliondoa Noeli katika sikukuu za taifa. Maisha hayakuwa mepesi. Basi ikaenea habari kwamba mabondia wawili wakubwa, Wamarekani weusi, watakuja kupigana kwetu. Rais Mobutu alitaka dunia yote ilijue jina la Zaire, na kila bondia aliahidiwa dola milioni 5. Usiku ule tulijaribu kuhesabu ni magunia mangapi yatakayomfikisha mbebaji kwenye milioni 5. Usingizi ulitukuta tungali tukihesabu.

Bingwa alikuwa George Foreman, mwenye miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 bila kushindwa hata mara moja, na watu 37 kati ya hao hakuwaacha wafike mwisho wa pambano. Mwenzake alikuwa Muhammad Ali, mwenye miaka 32. Ali alipata ubingwa mwaka 1964, akanyang'anywa mwaka 1967 kwa sababu alikataa kwenda vitani Vietnam. Wengi walimhurumia. Walisema Foreman atamvunja.

Lakini sisi tulimpenda Ali. Alifanya mazoezi N'Sele, kando ya mto, akazungumza na watu, akacheka nao, akatuita ndugu zake. Foreman alikuja na mbwa mkubwa, wa aina ile waliyoitumia polisi zamani za Wabelgiji. Yeye alimpenda mbwa wake tu, wala hakujua neno. Lakini wazee waliomwona walikumbuka mambo yao, wakageuza uso.

Mji mzima ulikuwa ukiimba: "Ali, boma ye!" Sisi hatukuelewa. Katika Kiswahili chetu boma ni ngome, ni mahali pa mkubwa wa serikali. Yaya akauliza watu wa jirani: "Hilo boma la Ali liko wapi?" Walimcheka mpaka machozi. Kisha wakatueleza kwamba kwa Kilingala maana yake ni "Ali, mwue!" Nasi tukacheka. Kesho yake tuliimba kama wenyeji.

Pambano lilikuwa limepangwa tarehe 25 Septemba. Lakini Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi, likaahirishwa mpaka tarehe 30 Oktoba. Mahali palikuwa Uwanja wa 20 Mei, uliojengwa mwaka 1952. Leo unaitwa Uwanja wa Tata Raphaël, kwa heshima ya Padri Raphaël de la Kethulle wa Shirika la Scheut, aliyefariki mwaka 1956. Padri huyo aliwajengea vijana wa mji ule shule na viwanja vya michezo, maana aliamini kwamba mchezo humfundisha kijana kuwa mtu.

Tulitoa akiba yetu yote, tukanunua tiketi za mahali pa nyuma. Tuliingia jioni, na pambano lingeanza saa kumi ya alfajiri, ili watu wa Marekani walitazame kwa saa zao za usiku. Usiku kucha tulikaa tumebanana, watu wapata 60,000, joto kama la tanuru. Tulikula karanga, tukaimba. Ulingo ulikuwa katikati ya uwanja chini ya paa, mbali sana nasi. Mabondia walipotokea tuliwaona wadogo kama vidole. Tuliwatambua kwa suruali zao tu: Foreman nyekundu, Ali nyeupe.

Raundi ya kwanza Ali alimwendea Foreman na kumpiga usoni, nasi tukashangilia. Raundi ya pili mambo yakageuka. Ali aliegemea kamba za ulingo, akajificha nyuma ya mikono yake, akamwacha Foreman ampige. Piga, piga, piga! Tulishika vichwa. Yaya alisema: "Amekwisha." Lakini Ali hakuwa amekwisha. Alikuwa akimchosha mwenzake. Wazee wetu walisema, mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Katika joto lile Foreman alipiga ukuta raundi baada ya raundi, na mikono yake ikazidi kuwa mizito. Kati ya raundi Ali aliinua mkono kutuongoza, na uwanja wote ukanguruma: "Ali, boma ye! Ali, boma ye!" Sauti zetu zilikauka. Tulikuwa kama mtu mmoja mwenye vinywa 60,000.

Raundi ya nane, karibu na mwisho wake, Ali alitoka kwenye kamba akapiga mfululizo. Foreman akayumba, akazunguka, akaanguka. Mwamuzi, Zack Clayton, akahesabu, akamaliza. Tuliruka, tukalia, tukakumbatia watu tusiowajua. Haukupita muda mrefu mvua kubwa ikanyesha, ikaufurika uwanja. Watu walisema hata mbingu zilikuwa zikingoja. Tulirudi nyumbani tumelowa, tukiimba njia nzima.

Sasa tunafika kwenye aibu yetu.

Siku chache baadaye, mtaani kwetu, kijana mmoja alikamatwa na sufuria ya watu. Alikuwa mwembamba, wa miaka kumi na minne hivi. Watu wakamzunguka wakaanza kumpiga. Kisha mtu mmoja akasema kwa mzaha: "Boma ye!" Wengine wakaitikia. Wakaimba kwa sauti ile ile ya uwanjani, kwa kupiga makofi. Na sisi je? Sisi pia tuliitikia. Midomo yetu ilikuwa imekwisha kuzoea. Tulikuwa tumeimba neno lile mara ya tatu, ya nne, ndipo tukaona damu katika sikio la mtoto, tukanyamaza. Lakini hatukwenda mbele.

Mama mmoja muuza mihogo alipita katikati yetu. Hakusema neno. Alifungua kikwembe chake cha juu, akamfunika yule mtoto, akainama juu yake kwa mwili wake. Yaya akamfuata, akasimama mbele yao amekunja mikono. Makofi yakakatika. Watu wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu akijifanya ana shughuli.

Usiku ule Yaya hakutugombeza. Alituuliza jambo moja tu: "Mlitaka afe?" Tulimjibu kwamba hatukutaka. Akasema: "Basi kwa nini mliomba?"

Miaka mingi ilipita, tukarudi Maniema. Siku moja, mjini Kindu, tulionyeshwa filamu ya pambano lile, iliyotolewa mwaka 1996. Ndipo tulipoona kitu ambacho kwa mbali hatukukiona usiku ule. Foreman alipokuwa akianguka, Ali alikuwa amesimama juu yake, mkono wa kuume tayari, umeinuliwa. Angeweza kumpiga tena. Hakumpiga. Aliuzuia mkono wake, akamwacha aanguke. Sisi, watu 60,000, tulikuwa tumemwomba amwue. Yeye aliyekuwa katika moto wa pambano, aliyepigwa raundi nzima nzima, alijua mahali pa kukomea. Sisi tuliokaa tukila karanga hatukujua.

Na yule tuliyemtakia kifo, mnajua alikuwa nani baadaye? Mwaka 1977 George Foreman aliacha ngumi, akawa mhubiri wa Neno la Mungu mjini Houston, na mwaka 1984 akafungua kituo cha vijana. Alirudi ulingoni, na tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, akaurudisha ubingwa wake. Ali naye alishikwa na ugonjwa wa kutetemeka, na wawili hao wakawa marafiki. Ali alifariki tarehe 3 Juni 2016, na Foreman tarehe 21 Machi 2025. Maisha yote hayo yalikuwa yangali ndani ya mtu yule aliyelala chini, nasi tukaimba "mwue".

Vijana waliposikia hayo, mmoja akatetea mchezo wao. Alisema Francis Ngannou wa Kameruni alichimba mchanga utotoni, na mwaka 2021 akawa bingwa wa uzito wa juu katika mapigano hayo ya uzio. Tukamwambia: vema, na heshima apewe. Hatusemi mchezo ni dhambi. Wale wanaopigana wamejizoeza miaka mingi, wanazo sheria zao, na mwisho hukumbatiana. Tena tuliwaonyesha jambo katika simu yao wenyewe. Mtu aliyeanguka asipoweza kujikinga tena, mwamuzi hujitupa katikati, humkinga kwa mwili wake. Tukawaambia: "Mtazameni huyu. Mama muuza mihogo alifanya hivi hivi, na hakuna aliyemlipa." Anayepigana ana mwamuzi wa kumzuia. Anayetazama ana dhamiri yake tu, na katika kundi la watu dhamiri hulala upesi.

Yaya amezikwa Kasongo. Sisi wawili tungali hai kwa rehema ya Mungu, wazee wenye mvi.

Mjukuu wetu akauliza: "Yaya alisimama mbele ya mtoto. Na ninyi, Babu, mlisimama wapi?"

Tukamwambia kweli: "Sisi tulisimama palepale tulipokuwa."

Akanyamaza. Kisha pambano jingine likaanza katika simu, nao wakainama tena kulitazama. Walishangilia sana, kama vijana wanavyoshangilia. Lakini mmoja alipoanguka, hatukusikia mtu akisema "mmalize". Jioni ile tulirudi nyumbani tukimshukuru Mungu kwa jambo hilo dogo.